Ugonjwa wa "Rasta" wa Nyanya: Watafiti Wamegundua Nini, na Sisi Tufanye Nini

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama, bibi shamba mstaafu, mbele ya wanachama na wageni waalikwa siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi



Nimeombwa nizungumze habari ya nyanya, na sababu inaeleweka. Mikopo mingi tunayochukua kiangazi inaingia kwenye nyanya: kukodi shamba, mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu. Nyanya zikikubali, marejesho yanakuja bila kusukumana. Zikikataa, mweka hazina wetu ndiye anayejua anavyokwepwa sokoni na watu aliokuwa akiteka nao maji.

Maadui wa nyanya ni wengi. Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, tunamwona akitoboa majani na matunda. Ukungu wa masika tunauona na tunaupigia dawa. Lakini leo nimechagua adui mmoja tu, yule tunayemwita rasta. Nimemchagua kwa sababu yeye hashindwi na mtu mmoja hata awe hodari namna gani. Anashindwa na watu waliokubaliana. Na sisi hapa, kama kuna kitu tumejifunza kwa miaka kumi, ni kukubaliana.

UGONJWA WENYEWE

Dalili mnazijua. Mche unadumaa. Majani ya juu yanakuwa madogo, yanajikunja kuelekea juu kama kijiko, na kingo zake zinakuwa za njano. Matawi yanasongamana kileleni, ndiyo maana vijana wakauita rasta. Maua yanatoka lakini yanapukutika. Mmea haufi. Unabaki umesimama, unakula mbolea na maji, lakini hauzai. Mche ukipata ugonjwa ukiwa kitaluni au mara tu baada ya kuhamishiwa shambani, usitegemee kitu. Ukiupata wakati matunda yameshakaa, utavuna hayo yaliyopo.

Watu wamesema mengi kuhusu jambo hili. Wapo wanaosema ni mbolea kuzidi. Wapo wanaosema ni jicho la jirani. Na wapo, jamani tuseme ukweli maana leo tuko wenyewe, wanaosema ni mwanamke aliyeingia shambani akiwa katika siku zake. Nataka leo tulizike hilo la mwisho. Watafiti wameuchunguza ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 80, wamemkuta anayeusababisha na wamemkuta anayeusambaza. Mwanamke hayumo.

NANI ANAUSAMBAZA

Habari zake zilianza kuandikwa kutoka Bonde la Mto Jordan, huko Mashariki ya Kati, mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakulima wa kule waliona nyanya zinakunjamana, na wakaona pia kwamba mwaka wa ugonjwa ndio mwaka wa inzi weupe wengi. Mwaka 1959 ugonjwa ulizuka tena kwa nguvu katika bonde hilohilo. Hapo ndipo watafiti walipokaa nao chini. Mwaka 1964 wawili kati yao, Cohen na Harpaz, walichapisha matokeo na kuonyesha kwamba ugonjwa huletwa na kirusi, na kirusi hicho hubebwa na inzi mweupe.

Namna ya kuchunguza ilikuwa nyepesi kueleweka. Unachukua inzi weupe safi, unawafungia kwenye mmea mgonjwa wafyonze. Kisha unawahamishia kwenye mche mzima uliofunikwa. Ule mche ukiugua, na mwenzake ambao haukuguswa na inzi ukabaki mzima, mchawi umemkamata.

Na tumjue vizuri mchawi huyu. Inzi mweupe ana urefu wa kama milimita moja. Ukitikisa mche wanaruka kama majivu. Anakaa chini ya jani, anataga huko, na watoto wake wanafyonza huko. Wakati wa joto, wiki tatu hivi zinatosha kutoka yai hadi inzi mzima. Akifyonza mmea mgonjwa chini ya saa moja tu, anaweza kuchukua kirusi. Kinapita tumboni, kinaingia mwilini, kinafika kwenye mate. Baada ya kama siku moja huyo inzi yuko tayari kuambukiza, na ataendelea kuambukiza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Baada ya hapo mche anaoutoboa unakaa wiki mbili au tatu ndipo uonyeshe dalili.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo pesa zetu zinapopotelea. Siku unayoona majani yamekunjamana, mwizi alishaingia wiki tatu nyuma. Ukikimbilia dukani kununua dawa siku hiyo, unafunga mlango ng'ombe ameshaibwa. Hakuna dawa ya kuponya mmea wenye kirusi. Dawa ya dukani inaua inzi, haiui kirusi. Tena inzi mgeni anayeingia kutoka shamba la jirani anaweza kuambukiza kabla sumu haijamuua. Na inzi weupe, kwa kupigwa dawa ileile msimu hadi msimu, huzoea. Hili limethibitishwa katika nchi nyingi. Mama anapuliza mara mbili kwa wiki, mtoto yuko mgongoni, pesa zinaisha, na rasta iko palepale.

KIRUSI CHENYEWE

Ilichukua muda mrefu kukiona kirusi chenyewe. Mwaka 1988 watafiti huko Israeli walifanikiwa kukitenga, na mwaka 1991 wakachapisha mpangilio wote wa vinasaba vyake. Kiko katika ukoo wa virusi pacha, kwa sababu kila kimoja kinaonekana kama vipande viwili vilivyogandamana, mfano wa korosho mbili zilizoungana. Urefu wake ni kama sehemu 30 za milioni moja za milimita. Ukivipanga mstari mmoja, milimita moja inabeba zaidi ya 30,000.

Maelekezo yake yote yameandikwa katika kiduara kimoja cha DNA chenye herufi kama 2,800. Hebu linganisheni: katiba ya kikundi chetu ina herufi nyingi kuliko hizo. Lakini kwa hizo chache kinaingia ndani ya mmea, kinautawala, na kuufanya ujichoshe kukizalisha chenyewe.

Kuna maswali matatu ambayo akina mama huniuliza kila mara, nayo ni haya.

La kwanza: je, nyanya kutoka kwenye mmea mgonjwa zina madhara kwa mlaji? Hapana. Kirusi hiki ni cha mimea, hakimdhuru binadamu. Kali hata zile chache ulizopata.

La pili: je, naweza kuusambaza kwa mikono au kwa kisu? Kuna virusi vingine vya nyanya vinavyosafiri hivyo. Hiki cha rasta kinamtegemea inzi.

La tatu: je, kinapita kwenye mbegu? Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini waliandika kwamba wameona kikipita. Wengine wakarudia uchunguzi kwa makini na hawakupata miche iliyougua kutokana na mbegu. Kwa hiyo macho yetu yabaki kwa inzi na kwa mche ulionunuliwa. Miche ya kununua kando ya barabara inaweza kuwa imeshaambukizwa na bado ni mizuri machoni.

MBEGU ZINAZOSTAHIMILI

Sasa nije kwenye habari njema, nayo inaanzia hapahapa kwetu. Ukoo wa inzi weupe ni mkubwa na una makundi mengi, na ndio pia unaoeneza batobato ya mihogo. Katika miaka ya 1930, kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki mkoani Tanga, mtafiti aitwaye Storey na wenzake waliifanyia kazi batobato. Walichukua muhogo wa kawaida wakauchanganya na jamaa zake, ukiwemo ule mpira ambao majani yake tunayapika kama kisamvu cha mpira. Walitaka muhogo uazime ugumu kwa ndugu yake wa porini. Kazi hiyo ilikuja kuzaa mihogo inayostahimili batobato, na faida yake Afrika imeila kwa miaka mingi.

Kwa nyanya wamepita njia hiyohiyo. Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, na huko ziko nyanya pori, vijitunda vidogo visivyolika kwa raha, lakini vimezoea shida. Mwaka 1988 mbegu ya kwanza ya biashara yenye ustahimilivu, iitwayo TY20, ilitolewa Israeli. Haikuwa kinga kamili, dalili zilichelewa tu. Mwaka 1994 watafiti wakaonyesha mahali kilipo kinasaba kimoja muhimu, walichokiita Ty-1, kilichotoka kwenye nyanya pori ya Chile na Peru. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi na wenzao wakakitambua chenyewe ni nini: ni kinasaba kinachousaidia mmea kuongeza nguvu ya ulinzi wake, yaani kuunyamazisha ujumbe wa kirusi usisomeke. Vinasaba vingine vya namna hiyo vimepatikana kwenye nyanya pori nyingine.

Leo mbegu chotara nyingi zina kimoja au zaidi ya hivyo. Mkienda dukani angalieni kwenye pakiti kama ugonjwa huu umetajwa; mara nyingi huandikwa kwa herufi TYLCV. Angalieni na lebo ya TOSCI. Lakini nawatahadharisha mambo mawili. Kwanza, kustahimili si kinga kamili. Kirusi kinaweza kuingia hata kwenye mmea unaostahimili, nao ukazaa vizuri huku inzi wakifyonza na kupeleka kwa jirani mwenye mbegu ya kienyeji. Pili, mbegu ya chotara ukiikamua mwenyewe na kuipanda msimu unaofuata, watoto hawatakuwa wote kama mama yao. Bei yake ni kubwa na kila msimu ni kununua upya. Mkopo uzingatie hilo.

HAPA KWETU TANZANIA

Msidhani haya ni mambo ya wenzetu tu. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya kirusi cha mkunjo wa majani kilichochunguzwa kutoka nyanya za Tanzania, na kikaonekana si kilekile cha Mashariki ya Kati. Ni ndugu yake, mwenyeji wa huku, na kikapewa jina la Tanzania. Baadaye vikatambuliwa vingine, kimoja kikapewa jina la Arusha na kingine la Uganda. Maana yake ni kwamba mbegu iliyofanya vizuri kwa wengine haina budi kujaribiwa kwanza huku kwetu. Panda mistari michache, ona, ndipo uongeze.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo Morogoro, waliuliza swali la maana sana: msimu wa nyanya ukiisha, kirusi kinakaa wapi? Wakachunguza magugu, wakakikuta. Walikikuta kwenye gugu linalotoa utomvu mweupe kama maziwa, kwenye gugu moja la jamii ya mnavu, na hata kwenye lile ambalo mbegu zake zinang'ang'ania kanga ukipita kichakani. Gugu linaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili kubwa. Lakini kuliko gugu lolote, ghala kubwa la kirusi ni shamba la nyanya lililokwisha vunwa na kuachwa. Mwenye nalo ameshalisahau. Inzi hawajalisahau.

KISIWA KILICHOPUMZIKA

Nitoe mfano mmoja wa mbali. Katika bahari ya Karibi iko nchi ya Jamhuri ya Dominika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kirusi kile cha Mashariki ya Kati kilifika huko. Wakulima wa nyanya za kiwandani walipata hasara kubwa sana. Walipuliza dawa, haikusaidia. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 serikali ikaweka sheria: kwa miezi mitatu kila mwaka, katika maeneo ya nyanya, hakuna kupanda nyanya wala mazao mengine yanayowalea inzi weupe. Kila kitu kinang'olewa. Wakaongeza mbegu zinazostahimili na uangalizi wa inzi. Kilimo cha nyanya kikasimama tena.

Kwa nini ilifaa? Kwa sababu inzi mzima anaishi wiki chache tu. Akikosa mmea mgonjwa wa kufyonza, watoto wake wanazaliwa wasafi. Mnyororo unakatika. Lakini angalieni: ikiwa watu tisa wamepumzisha na wa kumi ameacha shamba lake, huyo mmoja anawatunzia wote tisa ugonjwa hadi msimu ujao.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Tuna mazoea ya kulichukulia deni la nyanya kuwa ni uzembe wa mwenye deni. Pengine ni mwanamke aliyefanya yote kwa usahihi, ila amepakana na masalia ya mwenzake ambaye alisharejesha mkopo wake na kupigiwa makofi. Je, huo ni uzembe wa nani?

MAPENDEKEZO YANGU

Ndugu Mwenyekiti, naomba kikundi kiyafikirie haya manne.

1. Kitalu cha pamoja chini ya wavu. Mche unahitaji kulindwa zaidi wiki zake za mwanzo. Miche ya robo eka, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 75, ni karibu 2,250, na inakaa kwenye tuta la mita 1 kwa mita 10 hivi. Wavu uwe ule wenye nyuzi 50 kwa kila inchi. Chandarua cha mbu hakifai, matundu yake ni makubwa na inzi mweupe anapita. Mama mmoja kununua wavu huo ni mzigo. Watu kumi kwa zamu wanauweza, nao unatumika misimu kadhaa ukitunzwa. Kingo zifukiwe udongoni, na anayeingia afunge nyuma yake.

2. Kung'oa masalia. Ndani ya wiki moja baada ya mchumo wa mwisho, shamba ling'olewe na mabaki yafukiwe au yachomwe. Najua hapa patakuwa na maneno. Mchumo wa mwisho, hata uwe wa visado viwili, ndio sabuni na daftari za watoto. Mama aliye peke yake hawezi kuambiwa ang'oe kwa hasara ili sisi tupone. Ndiyo maana naomba suala hili liguswe na mfuko wetu wa jamii: anayeng'oa kwa tarehe tuliyokubaliana asaidiwe kidogo, na wenzake wamsaidie kazi ya kung'oa. Shamba lenye miche michache ya rasta mapema, miche hiyo ing'olewe mara moja, isingoje kuonewa huruma.

3. Kalenda moja. Tukae na majirani ambao si wanachama, wakiwemo akina baba, mbele ya serikali ya kijiji, tukubaliane kipindi cha kuliacha bonde bila nyanya, bila pilipili na bila bilinganya. Sitaji miezi leo. Hiyo ipangwe na wote, kwa kuangalia maji na soko. Kipindi hicho tunaweza kulima mahindi, ambayo kirusi hiki hakiyapati.

4. Mkopo wa nyanya utolewe kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe ya kitalu na mbegu. Ya pili itoke baada ya wenzake wawili kuthibitisha kwamba miche ni mizima na shamba la zamani limeng'olewa. Hiyo si kumwekea mtu kizuizi. Ni kumlinda asizame kwenye deni kwa ajili ya miche iliyoshaugua.

Akina mama, tulipoanza kikundi hiki tuliambiwa wanawake hawawezi kutunziana pesa, watagombana mwezi wa pili. Leo ni miaka kumi na vitabu vyetu vinasomeka. Tulikubali kila mmoja aone hisa za mwenzake bila kuficha. Sasa nawaomba tukubali na jambo gumu zaidi: kila mmoja aone shamba la mwenzake, na aambiwe bila kununiana, "Dada, masalia yako yale, twende tukayang'oe."

Watafiti wamefanya sehemu yao. Wamemtaja mchawi kwa jina, wamepima wavu, wameazima ugumu kwa nyanya pori, wametuonyesha magugu anamojificha. Iliyobaki ni kazi ya jembe na ya makubaliano, na hiyo hakuna maabara itakayotufanyia.

Naomba suala la kitalu liingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla msimu wa kusia mbegu haujafika. Mimi mwenyewe niko tayari kukaa zamu ya kwanza.